Seti ya msuguano ya 38,000: bao zuri, mzani wa hovyo

Niseme mapema kabla mtu hajatoa hela yake: bao ni zuri, bloku ni nzuri sana, ila mzani wa springi unaokuja nayo mpe mama anaeuza dagaa, utamfaa yeye kuliko wewe. Ukinunua seti hii na ukatafuta mzani mwingine mdogo pembeni basi umepata kitu cha kufundishia msuguano ambacho sijaona kingine cha bei hii mjini. Ukinunua ukakaa na mzani wake huo huo utakuja hapa kulalamika kwamba fizikia ni uongo.

Mimi nafundisha tuisheni huku Mbagala, kidato cha pili mpaka cha nne, na mada ya msuguano ndo ile ambayo watoto wanaikariri vizuri halafu wanafeli vizuri vile vile. Wanajua formula, wanajua "msuguano una faida na hasara", wanajua kutaja breki na kiberiti, lakini ukiwauliza bloku imekaa mezani hakuna anaeigusa, msuguano ni kiasi gani, nusu ya darasa wanakimbilia kuzidisha mu (ile namba inayosema nyuso mbili zinashikana kiasi gani) kwa uzito. Ndo maana nikatafuta kitu cha kushika kwa mkono.

Nimeichukua Kariakoo kwenye duka la vifaa vya maabara, jina la duka sitaji maana hii seti inauzwa na wengi na nadhani wote wanaitoa sehemu moja. Ndani ya boksi kuna bao la paini la sentimita 80, upande mmoja limepigwa vanishi na mwingine limeachwa limepigwa randa tu, kuna bloku ya mbao ya gramu 200 yenye ndoano mbele na shimo juu la kusimamisha mawe, mawe matano ya gramu 200 kila moja, kapi ya plastiki ya kubana mwisho wa bao, kipande cha kioo, uzi, mzani wa springi, na karatasi ya maelekezo ambayo nitaisema baadae maana ina lake jambo. Kitu kilichonifurahisha ni hiyo bloku, aliyeitengeneza alikuwa na akili: pande zake nne zote ni tofauti, ule mpana mmoja ni mbao tupu, mpana wa pili umegandishwa raba, mwembamba mmoja ni mbao tupu na mwembamba mwingine una msasa. Kwahiyo unaigeuza tu unapata somo jingine.

Sasa huo mzani. Ni wa newtoni 50, na umegawanywa newtoni moja moja. Fanyeni hesabu na mimi. Bloku ya gramu 200 inaelemea bao kwa newtoni 2 hivi. Mbao kavu juu ya mbao kavu mu yake inacheza kati ya 0.25 na 0.5, chukua 0.3 tu ya kujifariji, inamaanisha kuiburuta unahitaji 0.6. Mshale wa mzani haufiki hata mstari wa kwanza! Ukipandisha mawe yote matano juu yake unakuwa na newtoni 12 zinaelemea, msuguano ni kama 3.6, bado unahangaika kati ya mstari wa tatu na wa nne ukikadiria kwa jicho. Yaani jaribio zima linafanyika kwenye kona moja ya skeli, na mtoto atakuandikia "3" kwa mawe matatu, "3" kwa mawe manne, halafu anachora grafu ya ngazi.

Nilimwambia muuzaji akanijibu kwa kujiamini kabisa, "Dada chukua hiyo hiyo, kubwa ndo inadumu." Nikamwambia kaka mimi sipimi gunia. Tukacheka lakini mzani wa 5 hakuwa nao. Mwishowe nimepata wa newtoni 5 duka jingine, umegawanywa moja ya kumi, na hapo ndo seti ikawa seti. Kwa upande wa raba ukiongeza mawe unaweza kupita 5 kwahiyo kama una uwezo chukua na wa 10, ila kama ni mmoja tu chukua wa 5.

Na hata huo wa 5 una ujanja wake, na hili karatasi ya maelekezo haisemi kabisa. Mizani hii inawekwa kwenye sifuri ikiwa imening'inia wima, ndoano yake yenyewe inavuta springi kidogo. Ukiulaza mlalo kwenye bao, ule uzito wa ndoano hauvuti tena, mshale unarudi nyuma ya sifuri. Kwenye kupima kilo ya nyama hakuna anaejali, kwenye kupima 0.6 ni janga. Kwahiyo ulaze kwanza, ugonge gonge kidogo kwa kidole, urekebishe sifuri ukiwa umelala ndo uanze. Kugonga ni muhimu maana ile fimbo ya ndani inasugua kwenye ganda lake, kifaa cha kupima msuguano nacho kina msuguano wake mwenyewe, watoto wangu waliliona hilo kabla sijawaambia na wakalicheka sana.

Kama huna hela ya mzani wa pili usikate tamaa, tumia kapi. Funga uzi kwenye ndoano ya bloku, pitisha kwenye kapi, mwisho wake ning'iniza chupa tupu ya maji ya nusu lita, halafu chukua bomba la sindano bila sindano yake, ongeza maji kidogo kidogo. Mililita moja ya maji ni gramu moja, kwahiyo huhitaji mzani wowote zaidi ya kwenda kwa Mangi kupima uzito wa chupa yenyewe mara moja. Unaongeza, unaongeza, bloku imetulia tu kama haikuoni, halafu mililita mbili zaidi inachomoka na haisimami mpaka igonge kapi. Hiyo ndo sehemu ambayo peke yake inalipa hela yote.

Maana angalia kilichotokea hapo. Chupa ilipokuwa na maji kidogo, uzi ulikuwa unavuta na bloku haitembei, kwahiyo msuguano ulikuwa unavuta upande wa pili sawa sawa na uzi, sio zaidi sio pungufu. Ukaongeza maji, msuguano nao ukaongezeka. Bila chupa kabisa, msuguano ni sifuri. Sifuri! Hakuna mu mara uzito hapo. Ile mu mara uzito ni kikomo cha juu tu, ni pale msuguano unaposema nimefika mwisho. Na ukishavuka kikomo bloku inachomoka kwa kasi inayoongezeka kwa sababu msuguano wa kitu kinachotembea ni mdogo kuliko ule wa kikomo cha kitu kilichosimama, maji ni yale yale, uzito ni ule ule, ila sasa uzi unashinda.

Ukitumia mzani wa 5 unaona jambo hilo hilo kwa namba. Vuta polepole sana: 0.2, bloku imetulia, 0.4, imetulia, 0.6, bado, inakaribia 0.8 hivi inaruka na mshale unaanguka kwenye 0.6 na kubaki hapo hapo ukiendelea kuvuta mwendo uleule. Nimewafanya watoto wafumbe macho wavute, mkono wenyewe unahisi ule mruko. Kuna dada mmoja darasani ambae huwa haongei akasema, "Madam, kumbe inagoma halafu inakubali." Nikaiandika ubaoni kama alivyosema, definisheni ya kitabu ikasubiri.

Na hapo hapo piga ule mtego wa mtihani: bloku ina newtoni 2, mu ya kusimama 0.4, unaivuta kwa 0.3, msuguano ni ngapi? Atakaejibu 0.8 mwambie sawa, basi wewe unavuta mbele kwa 0.3 na msuguano unavuta nyuma kwa 0.8, bloku itarudi nyuma yenyewe. Kimya. Jibu ni 0.3.

Tuje kwenye karatasi ya maelekezo. Imechapwa vizuri, ina picha, lakini imeandikwa na mtu ambae nadhani hakuligusa bao lenyewe. Kuna sentensi inasema, kwa maneno yangu, kwamba msuguano huongezeka eneo la kugusana likiongezeka. Halafu ukurasa huo huo wanakuambia ulaze bloku upande mpana, kisha upande mwembamba, ulinganishe! Ukilinganisha unapata ile ile. Sisi tumepata 0.6 upande mpana na 0.6 upande mwembamba, wakati mwingine inapishana mstari mmoja wa mzani, inategemea umegusa wapi. Seti yenyewe inaikanusha karatasi yake. Mwanafunzi mwenye kichwa kigumu atalipenda hili, mwanafunzi mwoga ataandika alichoambiwa na karatasi na atafuta alichokiona kwa macho, na hao ndo wengi.

Na sio jambo jipya hata kidogo. Leonardo da Vinci alishalichora kwenye madaftari yake miaka ya 1490, vitu vile vile vikilazwa hivi na vile, akaona eneo halibadilishi kitu, ila hakuchapisha. Guillaume Amontons Mfaransa akaja kulisema mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris mwaka 1699: msuguano unakwenda na mzigo, haujali ukubwa wa eneo. Halafu Coulomb, yule yule wa umeme, kwenye kazi yake ya 1785 akatenganisha vizuri wa kusimama na wa kutembea na akaona kwamba mwendo nao haubadilishi sana. Kwahiyo hiyo karatasi imechelewa zaidi ya miaka 300.

Kwanini eneo halihusiki? Hapa ndo pa kukaa, usipite haraka. Uso wa mbao hata ukipigwa randa mpaka ung'ae, ukiutazama kwa karibu sana ni vilima na mabonde. Bloku ikikaa juu ya bao haigusi eneo lote unaloliona, inagusa ncha za vilima vichache tu, na eneo halisi la kugusana ni sehemu ndogo mno ya lile unalopima kwa rula. Wanasayansi Bowden na Tabor pale Chuo Kikuu cha Cambridge ndo waliokuja kulionyesha hili vizuri karne iliyopita. Ukilaza upande mpana, ncha zinazogusa zinagawana mzigo, kila moja inabanwa kidogo. Ukisimamisha upande mwembamba, nafasi ni ndogo lakini mzigo ule ule unabana kwa nguvu zaidi pale palipobaki, ncha zinalala zaidi. Mwisho wa hesabu eneo halisi linatoka lile lile. Ongeza jiwe, mzigo umeongezeka, ncha zimelala zaidi, eneo halisi limeongezeka, msuguano umepanda. Kwahiyo anaesema eneo linahusika hajakosea kila kitu, ila eneo analolisema sio hili la rula.

Grafu ya mzigo na msuguano kwenye bao hili inatoka nzuri mpaka raha. Upande wa bao uliopigwa randa tulipata 0.6, 1.3, 1.8, 2.5, 3.0, 3.7 kwa bloku tupu mpaka mawe matano, piga mstari, slopu ni kama 0.31. Watoto wanaona kabisa mu sio namba iliyoshuka kutoka mbinguni, ni mwinamo wa mstari wao wenyewe. Na geuza bao upande wa vanishi, mstari mwingine kabisa, kwa hiyo hamna "mu ya mbao", kuna mu ya mbao hii juu ya uso huu, leo. Nasema leo maana kipindi cha masika mbao inakula unyevu na namba zinahama, na mikono yenye jasho ndo adui mkubwa, mwambie kila mtu ashike bloku kwa juu, asipapase uso wa chini.

Upande wa msasa sikuupenda. Unakwaruza bao, ukishaburuta mara kadhaa vumbi la mbao linajaa kwenye msasa na bao linapata michirizi, majibu ya mbao kwa mbao yanaharibika baada ya hapo. Fanyeni msasa mwisho kabisa, au wekeni kipande cha boksi juu ya bao kwanza.

Upande wa raba ndo wenye hadithi. Kwanza unashika vibaya, bila mawe tu unapata mara mbili ya mbao au zaidi. Lakini ukichora grafu mstari unapinda, haunyooki kama wa mbao, mzigo ukiongezeka raba haipandi kwa uwiano ule ule. Mtu wa haraka haraka atasema seti mbovu. Hapana, raba ndivyo ilivyo, ni laini, inajikunja na kujaza mabonde ya uso, kwahiyo zile sheria za Amontons inazifuata kwa kukadiria tu. Na hapo lazima dogo mmoja aulize, kama eneo halihusiki kwanini gari za mashindano zina matairi mapana? Swali zuri kuliko mada nzima. Kwa sababu tairi ni raba, na raba haiko kwenye ule mstari ulionyooka, na pia tairi pana linagawana joto na kuchakaa, unaweza kutumia raba laini zaidi bila kuisha mara moja.

Swali la pili huwa ni tairi kipara. Kila mtu anaamini zile kashata za tairi, yaani ile mikato ya juu yake, ndo zinazoshika barabara. Kwenye lami kavu tairi lisilo na kashata linashika vizuri tu, Formula 1 wanaendesha nayo lami ikiwa kavu. Kashata kazi yake ni kutoa maji njiani mvua ikinyesha, raba ifike kwenye lami badala ya kuelea juu ya maji. Kipara kwenye mvua ndo kifo, na hayo matairi kipara ya mitaani sio tu hayana kashata, yamechoka, yanaweza kupasuka, msije mkasema madam karuhusu kipara.

Hapo nikawapa hesabu ya breki maana seti imeshawapa maana ya mu. Umbali wa kusimama ni mwendo kipeo cha pili gawanya kwa mara mbili ya mu mara g (ule mchapuko wa mvutano wa dunia). Bodaboda iko kilometa 50 kwa saa, ambazo ni mita 13.9 kwa sekunde. Lami kavu mu chukua 0.7, unapata mita 14. Lami imelowa chukua 0.4, unapata mita 25 hivi. Na hiyo ni baada ya kukanyaga breki, mita ambazo dereva anazila akishangaa hazimo. Halafu wanaangalia formula wanauliza uzito uko wapi, hata mishkaki wa watu watatu wanasimama umbali ule ule? Kwenye formula ndio, uzito umejikata juu na chini. Kwenye bodaboda ya kweli breki yenyewe inaweza isitoe nguvu ya kutosha, lakini hilo ni la breki sio la lami.

Mteremko: inua mwisho mmoja wa bao kwa vitabu mpaka bloku ianze kuteleza yenyewe. Seti haina protrakta, hawajaiweka, na wala huihitaji. Pima kimo cha mwisho ulioinuliwa, pima umbali wa chini mezani, gawanya. Kwetu kimo kilikuwa sentimita 28 na chini 75, jibu 0.37, hiyo ndo mu ya kusimama moja kwa moja bila mzani wowote. Weka jiwe juu ya bloku, rudia, pembe ni ile ile. Weka mawe mawili, ile ile. Hii inawashangaza kuliko zote, na mimi naona kama mtu ana dakika kumi tu za somo la msuguano afanye hii aache mengine. Ila angalia kapi utoe kwanza, mtoto wetu mmoja aliacha kapi imebanwa na bloku ikashuka ikaivunja mdomo. Plastiki yake ni nyepesi mno, imeshagandishwa kwa gundi.

Kuna jambo moja seti inaweza na karatasi haijalitaja kabisa, nalo ndo naona zuri kupita yote. Badala ya kuvuta bloku, funga mzani kwenye msumari ukutani au mtu aushike usisogee, bloku imefungwa kwenye mzani, halafu vuta BAO kutoka chini yake. Faida ya kwanza ni kwamba mzani umetulia, unausoma kwa raha, na hata ukivuta bao kwa mwendo usio sawa msuguano hauyumbi sana. Faida ya pili ni kubwa zaidi. Fungua bloku isifungwe popote, ikae tu juu ya bao, kisha vuta bao taratibu. Bloku inakwenda na bao. Nani anaisukuma mbele? Hakuna mkono, hakuna uzi. Ni msuguano, na unaelekea mbele!

Watoto wameambiwa tangu shule ya msingi msuguano unapinga mwendo, wanachora mshale wa nyuma kila picha. Msuguano unapinga kuteleza kwa uso mmoja juu ya mwingine, na wakati mwingine njia ya kupinga huko kuteleza ni kukusukuma mbele. Konda amesimama kwenye daladala, gari linaondoka, kinachompeleka mbele ni sakafu kupitia soli za viatu vyake. Ukitembea mguu unasukuma ardhi nyuma na ardhi inakusukuma mbele. Vuta bao kwa nguvu ghafla na bloku inabaki nyuma, ndo pale kikomo kimepitwa. Nilikuwa napoteza kipindi kizima kuchora mishale hii, sasa ni kuvuta bao tu.

Kioo. Wameweka kimoja, kidogo, kingo hazijasagwa vizuri kwahiyo zungushia selotepu kabla hujawapa watoto. Kimoja hakitoshi kitu, nenda kwa fundi wa madirisha akukatie kingine, visafishe kwa spiriti vikauke kabisa, laza kimoja juu ya kingine, jaribu kuviteleza. Watu wanategemea laini kabisa basi hamna msuguano, kumbe kioo safi juu ya kioo safi mu ya kusimama kwenye majedwali inakaribia 0.9 na kitu, kuliko mbao. Laini sana inaleta uso karibu sana. Metali safi kabisa za aina moja zikigusana pasipo hewa zinaweza hata kugandana. Tone la mafuta ya kupikia kati ya vioo na habari inabadilika hapo hapo. Mafuta yasiguse bao jamani, mbao ikinywa mafuta ndo basi tena.

La nyongeza ambalo seti haina ila ukiwa huku pwani ni bure: beseni la mchanga. Buruta kipande cha mbao chenye mzigo juu ya mchanga mkavu, unasukumana na lundo linalojikusanya mbele yake. Nyunyiza maji kidogo, ukanyage ukae, buruta tena, nguvu inapungua waziwazi. Ukizidisha maji inaharibika tena. Kuna mchoro kwenye kaburi la Djehutihotep huko Misri, wa karibu miaka 1,900 kabla ya Kristo, watu wanaburuta sanamu kubwa na mtu amesimama mbele ya sileji (chombo cha kuburuta kisicho na magurudumu) anamwaga maji, na mwaka 2014 wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walijaribu wakaona mchanga wenye unyevu wa kiasi sahihi unapunguza nguvu ya kuvuta kama nusu. Dereva yeyote wa kwetu aliyewahi kupita njia ya mchanga anajua baada ya mvua ndogo ndo pa kupita.

Watu watauliza kwanini nisitumie simu tu. Natumia. Zile simulesheni (majaribio ya kuigiza kwenye skrini) za PhET za Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ni bure, mradi ulianzishwa 2002 na Carl Wieman ambae mwaka mmoja kabla ya hapo alipata Nobeli ya fizikia, na ile ya msuguano inakuonyesha vitabu viwili vikisuguana, atomu zinatikisika, kipimajoto kinapanda, vipande vinang'oka. Hicho bao haliwezi kukupa hata ulipe milioni. Ila simu haiwezi kukupa ule mruko mkononi. Na simulesheni haina jasho, haina masika, kila ukirudia jibu ni lile lile, mtoto anatoka akiamini mu ni namba safi. Mimi naanza na bao, nafunga na simu.

Bei sasa. 38,000 kwa seti, na mzani wa 5 nimeongeza hela nyingine, jumla imepita 50,000. Fundi seremala wa mtaani atakupigia bao na bloku kwa chini ya hapo, ukimpa vipimo na ukasimama hapo hapo, maana bloku pande zake lazima ziwe bapa kweli, ikicheza hata kidogo majibu yanaruka ruka. Mawe ya mizani ndo yatakusumbua kuyapata ya gramu 200 yanayolingana, hapo ndo seti inajilipa. Niliyapima kwa mzani wa kidijitali, manne yako sawa, moja limepungua gramu 4, sio mbaya.

Nyota: bao na bloku tano, mawe nne, kapi mbili, mzani moja, karatasi ya maelekezo sifuri. Kwa jumla natoa tatu na nusu. Shule yenye maabara yake wala isihangaike, vitu hivi wanavyo kabatini, mara nyingi hata mzani wa 5 upo umekaa tu. Hii ni ya sisi wa tuisheni, wazazi wanaofundisha nyumbani, na shule ambazo praktiko ni kuchora kifaa ubaoni.

Muuzaji amesema anatuma mikoani kwa basi, nauli ni juu yako, na ukimpigia kabla mwambie wazi unataka bila ule mzani wa 50, rafiki yangu wa Morogoro alieuacha alimpunguzia 4,000. Kioo nacho mwambie akifunge na magazeti, cha rafiki yangu kilifika vipande viwili.